Anwani ya Nyumba ya Njano

12 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, goti limepunguza kelele na cherehani inakanyagika. Mimi mwili uko salama. Hapa karakana kazi ya meno haiishi. Juzi mzee mmoja alikuja kuchukua meno yake ya juu, akayavaa, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Sasa naweza kugombana na mke wangu kwa heshima." Tulicheka mpaka mkubwa wetu akazima mashine ya kusagia. Fundi Lifti anakusalimu. Bado ananiomba nitaje tarehe ya harusi yetu, na mimi bado namwambia asubiri kwanza jibu la chuo.

Sasa, Shangazi, keti. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu barua pepe yetu inasomwa na ukoo mzima, na nikikupigia simu unaweka ile sauti ya nje ili uendelee kushona, mpaka wateja wako wananiitikia salamu.

Unajua niliomba nafasi kwenye kile chuo cha ng'ambo, wanakofundisha kutengeneza nyuso: pua, masikio, taya, kwa watu waliokatwa kwa ugonjwa au ajali. Meno nimeyaweza. Lakini kuna mama mmoja huja hapa amejifunika kitambaa usoni, na mimi nitamtengenezea meno gani, naye hana taya la kuyashika? Kila akija namwambia, "Bado kidogo, mama." Ni kwa ajili yake niliomba.

Tangu Januari nafungua barua pepe kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Hakuna kitu. Wiki iliyopita nikapiga simu chuoni. Akapokea dada mmoja mpole, akatafuta jina langu, akaniambia, "Lakini wewe tulikukubali mwezi wa tatu. Na ulitujibu. Ulikataa."

Nikamwambia amekosea mtu. Akasoma jina langu, la baba, la babu. Kisha akanisomea jibu lenyewe: nashukuru sana kwa heshima mliyonipa, ila kwa sababu za kifamilia sitaweza kuja, nafasi hiyo apewe mwingine. Shangazi, simu ilinitoka mkononi ikaingia kwenye bakuli la plasta. Sikuandika mimi! Sijawahi hata kuiona hiyo barua yao ya kunikubali!

Nafasi imekwenda. Dada yule alinihurumia, akasema naweza kuomba tena mpaka mwisho wa mwezi wa nane, ila safari hii niweke anwani yangu mwenyewe. Akaniuliza, "Hii ya Nyumba ya Njano ni ya nani?" Nikasema ya nyumbani. "Nyumbani ni nani?" 

Unakumbuka kaka yangu Katibu alivyoifungua, mimi nikiwa shule. Alisema ukoo hauhitaji anwani nyingi, kwani sanduku la posta lilikuwa moja na ufunguo wake ulining'inia jikoni, anayepita mjini anachukua za wote. Tukaona amesema la maana. Tena akaipa jina la rangi ya nyumba, na nyumba yenyewe siku hizi ni ya bluu!

Ni Katibu huyu. Ndiye aliyesema mbele ya watu kwamba wanaokwenda ng'ambo wanaacha akili uwanja wa ndege. Naomba ulizia polepole. Usimwambie Mama, presha yake isije ikapanda.

Mpwa wako,
Gego


27 Mei

Gego langu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Sare za shule zimenikalia kooni, wazazi wote wanazitaka Ijumaa kana kwamba Ijumaa ni moja tu duniani. Mama yako hajambo. Tangu astaafu upiga chapa anamwagilia maua na kusahihisha risiti za dukani kwa kalamu nyekundu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Makubwa haya, madogo yana nafuu! Mtu amekataa bahati kwa mdomo wako, na ameikataa kwa adabu!

Siku hiyo hiyo nikaenda dukani kwa Katibu, nikajifanya nataka kuchapiwa bei za nguo. Weee! Nilipoinua macho, juu ya mashine ya kuchapisha kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu, herufi kubwa: ANWANI YA FAMILIA. Chini yake neno la siri. Neno la siri, ukutani! Nikamwambia, "Siri gani hii inayosomwa na kila anayekuja kubadilisha kioo cha simu?" Akanijibu bila haya, "Ni kwa urahisi, Shangazi. Mjomba husahau."

Kinyozi wa mlango wa pili akadakia kwamba hata yeye huitumia, anapokelea ratiba za mpira. Kisha akaniuliza, kwa heshima zake zote, "Na hilo jicho, Shangazi, hospitali wamekupa lini?"

 Jicho langu! Ndiyo, nina mtoto wa jicho, na sikumwambia mtu, kwa sababu nani atampa kitambaa chake fundi asiyeona tundu la sindano? Kumbe barua ya hospitali iliingia humo humo, wanajua wote, mpaka wanaokuja kunyolewa ndevu. Sasa na wewe umejua. Usianze.

Katibu nilimvuta nyuma ya duka. Akaapa. Akasema, "Mimi nilimpinga mbele ya watu wote. Mtu aliyekwisha kusema hadharani anajificha tena ya nini?" Hilo limenikwama, mpwa wangu. Mjinga ni mjinga, lakini mwoga hajawahi kuwa.

Wewe fungua anwani yako, ila usikurupuke. Mimi nguo ya mtoto naiachia pindo, kwa sababu mtoto anakua na nguo haikui. Basi na anwani uiachie pindo. Usiweke Gego, Gego ni letu sisi, hutaki mkuu wa chuo akuite jino. Usiweke umri, umri unahama kila mwaka. Usiweke mwajiri, wala mume ambaye hata tarehe hujampa. Tafuta jina utakalozeeka nalo.

Kesho nitamuuliza mama yako, taratibu, kama amesikia lolote.

Shangazi yako


24 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Jicho linaendeleaje? Sianzi, nauliza tu. Hapa ni baridi, plasta inachelewa kukauka na wateja wanakuja na midomo mitupu na hasira. Yule mama wa kitambaa alikuja tena. Safari hii sikuthubutu kumwambia bado kidogo.

Nimehangaika na anwani mpaka kichwa kinauma. Nimeweka jina langu na la baba, nikaambiwa limechukuliwa. Limechukuliwa na nani?  Kuna mwanamke mahali fulani anaitwa kama mimi, na ameniwahi. Ile kompyuta ikanipendekezea jina langu na tarakimu nne mbele yake, kama mfungwa.

Mkubwa wetu akasema nitumie anwani ya karakana, ni bure na inapendeza. Nilikuwa karibu kukubali. Alhamisi mwenzetu wa upande wa nta akaachishwa kazi asubuhi. Kabla ya chai anwani yake ilikuwa imefungwa, na humo ndani mlikuwa na picha za mwanawe tangu kuzaliwa, na barua za shule, na hati ya kiwanja. Alisimama mlangoni ameshika mfuko wa viatu vyake vya kazi, anauliza, "Hata picha?" Hata picha. Wote tuliinamia meza kama tunatafuta kitu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchonga nta, Shangazi, na sikuweza kumwangalia usoni.

Fundi Lifti naye anataka tuwe na moja, jina lake na langu zimeshikana. Nikamwambia, lifti moja watu wawili, ikikwama tunakwama wote. Alinuna siku nzima.

Sasa sikia. Jumamosi Katibu alikuja. Alisafiri usiku kucha, akasimama mlangoni kwangu na mfuko wa machungwa. Sikumfungulia. Nilimwambia kupitia dirishani, "Ulishazungumza kwa mdomo wangu, sasa zungumza na mlango." Unajua alisema nini? Hakusema kitu. Alifungua mdomo, akaufunga, akaweka machungwa barazani, akaondoka. Mtu asiye na kosa angejitetea. Kwangu mimi huyo si kaka tena.

Na wewe mbona kimya? Ulisema kesho utamuuliza Mama. Kesho gani hiyo ya mwezi mzima? Kama umejua kitu, niambie. Mwezi wa nane unakuja mbio, na sitaomba tena mpaka nijue nani alinizuia, maana atanizuia tena.

Gego


16 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima. Nimechelewa, na si kwa sababu ya sare. Jicho lisiwe kisingizio pia.

Kesho yake baada ya kukuandikia, jioni, nilikwenda kwa mama yako. Alikuwa anapiga pasi. Mimi nimetoka kumpima mtu, pini bado ziko mdomoni, nikawa nazungumza kwa pembeni ya mdomo. Nikaanza kwa mbali: eti kuna barua ya chuo ilipotea. Hakuinua kichwa. Akasema, "Ni mimi."

Nikadhani anajibu kitu kingine. Nikamuuliza, "Ni wewe nini, wifi?"

"Ni mimi niliyekataa. Niliandika vizuri. Sikumvunjia heshima."

Gego, nilitema pini zote sakafuni. Nimeshona miaka yote hii nikiwaambia wateja kikulacho ki nguoni mwako, nikicheka, na siku hiyo sikuwa na cheko. Akaendelea kupiga pasi kola ile ile mpaka ikaanza kunuka. Alikuwa amekwenda dukani kwa Katibu kuchapisha kadi ya kliniki, Katibu ametoka kwenda kula, na barua ya chuo ikaingia mbele ya macho yake. Akakaa, akajibu kwa jina lako, akafuta yao na yake. Katibu alirudi akamkuta anafunga mkoba, hakujua kitu.

Nikapiga kelele, nisikufiche. Nilimwita mwizi. Mimi, kumwita wifi yangu mwizi! Akaweka pasi chini, akasema, "Kaka yako aliaga kwa miaka miwili. Nilimfungia sanduku kwa mikono yangu, nikamnyooshea mashati. Huyu naye anaaga kwa miaka miwili. Wifi, mimi sifungi sanduku la pili."

 Aliyeondoka asirudi ni baba yako, ndugu yangu wa tumbo moja. Mke mwingine huko nilimsikia mimi kabla ya mama yako. Hasira ikabaki, lakini ikakosa pa kukaa.

Aliniomba nimwachie akuandikie mwenyewe. Nikampa wiki, ikawa mbili, ikawa hivi unavyoona. Kila jioni anaketi mezani. Anaandika "Mwanangu mpendwa", kisha kalamu inasimama. Mwanamke aliyechapa barua za wakurugenzi bila kufuta herufi!

Katibu nilimwambia mimi, naye akasema atakuja kwako kuomba radhi kwa niaba ya nyumba bila kumtaja mama. Mpango wa kijinga, wa mtu mwenye moyo mzuri. Aliporudi akasema umemfungia mlango, hakulalamika, alisema tu kwamba umekonda. Hapo nikasema basi. Nilimwahidi mama yako kimya, na leo nimekivunja. Siwezi kuangalia kaka anafungiwa mlango kwa jambo asilolitenda.

Nichukie mimi kama unatafuta pa kuanzia. Lakini omba hicho chuo. Usingoje.

Shangazi yako


2 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Salamu nyingine sina.

Nimesoma barua yako karakana, nikaenda nayo chooni, nikaisoma tena huko. Nilitafuta mtu mwingine kila mahali. Nilimshuku Katibu, nikamshuku kinyozi, usiku mmoja nilimshuku hata Fundi Lifti, Mungu anisamehe. Mama sikumfikiria hata mara moja. Nilikuwa naogopa presha yake ipande! Mimi nampigia kila Jumapili, ananiuliza, "Chuo wamejibu?" Shangazi, alikuwa ananiuliza. Nikisema bado, ananiambia subira huvuta heri.

Katibu nimempigia simu. Tulilia wote wawili, hatukusema la maana. Mama simpigii.

Nimefungua anwani. Nimeweka jina langu, la baba na la babu, yote matatu, na hiyo haikuwa imechukuliwa. Neno la siri ni langu peke yangu, sikuliandika popote. Chuo nimeshaomba. Anwani iko nyuma ya karatasi hii. Unayo wewe, Katibu anayo. Mama asipewe. Akiuliza, sema sijafungua.

Gego


18 Septemba

Gego,

Marahaba. Ukiona mistari inapanda mlima, nivumilie: jicho limefanyiwa, limefungwa bandeji, naandika kwa hili lililobaki. Daktari anasema nitaona mpaka vumbi nililokuwa silioni. Nimemwambia vumbi aliache.

Katibu ameng'oa ile karatasi ukutani, akabadilisha neno la siri, akamwambia kila mtu afungue ya kwake. Yarabi, vurugu! Mjomba alipiga simu anafoka kama aliyefungiwa nje ya nyumba. Kinyozi amekosa ratiba. Kisha wakaanza kuambiana kila mtu aliyokuwa ameyasoma ya mwenzake, na hapo ndipo watu waliposhika vichwa. Nyumba nzima haikuangaliana kwa siku kadhaa.

Mama yako alikuja kuniosha uso baada ya hospitali. Kwenye meza barua yako ilikuwa imelala, nyuma yenye anwani iko juu. Alipoona mwandiko wako akageuza uso ukutani, akafumba macho. "Ifunike," akasema. "Ifunike, wifi. Nikiijua nitaingia. Najijua."

"Utaingia wapi?"

"Kwenye barua zake."

Nikamwambia, wifi, anwani si ufunguo. Kujua mtu anakaa wapi si kuingia chumbani kwake. Unaweza kumwandikia na usione kingine chochote. Hakuniamini! Nyumbani kwetu aliyejua anwani alikuwa ameshaingia ndani siku zote, atajuaje? Ikabidi nimwite Katibu athibitishe. Alipoelewa alishtuka, akakaa kitandani kwangu na taulo la maji mkononi, linamdondokea miguuni.

"Kwa hiyo ningemwandikia, yeye akasoma peke yake?"

"Peke yake."

"Na akitaka asijibu?"

"Asijibu."

Alilikamua taulo. Kisha akasema, "Basi ningeomba hiyo. Lakini mpaka anipe mwenyewe."

Sijampa. Nimekuahidi, na mwaka huu nimeshavunja ahadi moja, inatosha. Amekonda. Sikusukumi, nakueleza tu ninavyoona kwa jicho moja.

Shangazi yako


13 Oktoba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole ya jicho. Fundi Lifti anakusalimu sana, safari hii ana haki, kwa sababu tarehe nimempa. Tutaoana nikirudi, na amesema atangoja hata kama lifti zote za dunia zitakwama.

Chuo wamenikubali. Barua ilikuja kwangu, nikaisoma mimi, nikaijibu mimi. Nilipiga kelele karakana nzima wakadhani nimejikata. Jioni yule mama wa kitambaa alipita, nikamwambia nakwenda kujifunza taya lake. Akakifunua kitambaa, akaniacha nimpime kwa macho. Hakuwahi kukifunua bila mimi kumwomba.

Mama nilimpelekea anwani mwenyewe, kwa karatasi, bila maneno mengine. Siku kadhaa zikapita kimya. Jumatatu ikaingia barua yake. Nilitegemea kurasa, unamjua. Ilikuwa hivi tu: "Mwanangu, ni mimi. Nilikosa. Ukitaka usijibu."

Niliapa mwezi wa nane kwamba hatajua siku ya safari mpaka niwe nimeshafika. Fundi Lifti naye akanishauri hivyo, na Katibu pia. Nimekaa na ile barua mpaka jana. Bado nina hasira, Shangazi, nikiiangalia naona anaandika kwa jina langu. Lakini nikamwandikia kila kitu: tarehe, saa, namba ya ndege, hata namba ya yule dada wa chuoni aliyenipokelea simu. Akitaka kunizuia, anajua pa kupiga.

Amejibu kabla sijaweka simu mezani. "Naja kukufungia sanduku. Usinikatalie."

Sijamkatalia.

Gego